Kunoa visu vya jikoni kwa kinoo na kumalizia kwenye ngozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nanoa visu barazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, zaidi jioni baada ya swala ya alasiri. Wateja wangu ni mama lishe, wauza pweza, na majirani wanaolipa wakikumbuka. Wengi hawaji kuniachia kisu. Wanakuja kuuliza mbona wakinoa wenyewe hakikati. Nimeyaandika majibu ili nipunguze kuyarudia huku maji yakinichuruzika mpaka kwenye viwiko. Si kila swali lina jibu refu.

Nimenoa nusu saa nzima na kisu bado kinaponda nyanya. Nakosea wapi?

Karibu kila mara jibu ni hili: hujafika kwenye makali. Umesugua shavu la kisu, limeng'aa vizuri, lakini ukingo wenyewe jiwe halijaugusa.

Kishike kisu chini ya taa, makali yakiwa juu, ukitazame moja kwa moja. Kisu butu kinaonyesha mstari mweupe unaometa, kwa sababu pale pande mbili zinapokutana pamekuwa duara dogo linalorudisha mwanga. Makali ya kweli hayameti. Hayana pa kurudishia mwanga.

Kazi ya jiwe ni kula chuma cha upande mmoja mpaka duara lile liishe. Likiisha, chuma kilichobaki ukingoni ni chembamba mno, hakistahimili, kinakunjikia upande wa pili. Hapo unapata kitu kama uzi uliolala kufuata makali. Mimi nauita uzi, na wateja wangu sasa nao wanauita hivyo. Jicho linaupata kwa shida, ila kidole kinausikia: weka kidole gumba kwenye bapa la upande ambao hukuunoa, kivute kutoka mgongoni kuelekea makali mpaka kitoke nje. Kisipite kamwe kwa urefu wa makali. Kikikwaruza kama ukucha uliovunjika, uzi umeota.

Uzi huo lazima uanzie shinani, karibu na mpini, ufike mpaka nchani. Ukiusikia katikati tu, umenoa katikati tu. Ukishaupata wote ndipo ugeuze kisu na kuutafuta upya kutoka upande wa pili. Wengi wanapiga huku mara moja na kule mara moja tangu mwanzo, kwa sababu ndivyo walivyoona buchani, na matokeo yake hawajui upande gani umefika na upande gani bado.

Kabla hujapata uzi, hujanoa. Jiwe laini, kipande cha ngozi cha kupitishia kisu mwishoni, dawa ya kijani ya kupaka kwenye ngozi hiyo, vyote nitakavyovitaja huko chini havina kazi mpaka hapo.

Kuna namna ya kuona jiwe linagusa wapi?

Ipo, tena rahisi. Nunua maka peni ya kuandikia maboksi, paka wino pembeni mwa makali pande zote mbili, halafu noa mara tano au sita tu na utazame. Wino ukitoka juu, kuelekea mgongoni, na kubaki ukingoni, umelaza kisu mno. Ukitoka ukingoni peke yake, umekisimamisha mno. Ukifutika wote, endelea hivyohivyo.

Nahitaji mawe mangapi?

Ukiwa na shilingi za jiwe moja tu, nunua la namba 1000. Namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo: 220 mpaka 400 ni mawe ya chembe kubwa ya kurekebisha kisu kilichochoka sana au kilichomeguka, 800 mpaka 1000 ndiyo ya kunolea hasa, 3000 mpaka 6000 ni ya kulainisha. Juu ya hapo ni starehe, na kwa mtu wa kukata kitunguu na kupasua nguru, ni starehe ambayo nyama haitaitambua.

Lile jiwe la kijivu la pande mbili linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi linafaa kuanzia. Upande mmoja una chembe kubwa, ndio tunaouita upande mbaya, mwingine ni wa wastani. Kitu ambacho kwa kawaida hutengenezewa mawe ya namna hiyo ni kaborandamu, ambayo Mmarekani Edward Acheson aliipata mwaka 1891 alipokuwa anahangaika kutengeneza almasi. Almasi hakuipata. Hati yake ya ugunduzi ilitoka mwaka 1893, mwaka uleule Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida. Mimi mtu wa Tanga siwezi kuupita mwaka huo bila kuutaja.

Nitumie maji au mafuta?

Inategemea jiwe limeanza maisha yake vipi. Mawe ya kisasa yenye namba, ya mtindo wa Kijapani, ni ya maji tu, na ukiyatia mafuta umeyaua. Lile la kijivu linakubali vyote, lakini likishaonja mafuta maji hayaingii tena, yanateleza juu tu.

Ukichagua mafuta, tumia ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda, yanaziba vitundu vya jiwe, na baada ya wiki mbili unanoa kwenye kitu kinachonata kama ubuyu.

Jiwe nililoweke kwa muda gani?

Dakika tano mpaka kumi, yaani mpaka mapovu yaache kutoka. Mengine hayataki kulowekwa, yanataka kunyunyiziwa tu, na hayo karatasi yake itasema. Ule uji wa kijivu unaotokea juu usiuoshe kila mara. Ni chembe za jiwe zilizochomoka, nazo zinakusaidia kunoa.

Kisu kilale kwa nyuzi ngapi?

Visu vingi vya jikoni vya kawaida, nyuzi 20 kila upande (nyuzi hapa ni digrii za mwinamo wa kisu juu ya jiwe, si ule uzi wa makali). Visu vyembamba vya Kijapani, 15 hivi. Panga la kukatia kuni au kufyekea, 25 mpaka 30, maana makali membamba yakikutana na fundo la mti yanamomonyoka.

Huhitaji kifaa cha kupimia. Chukua karatasi yenye kona iliyonyooka. Kona hiyo ni nyuzi 90. Ikunje katikati upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Laza kisu chini kidogo ya hapo na uko kwenye 20. Au pima kwa mgongo wa kisu: kisu chenye bapa pana sentimita 4.5, mgongo ukiinuka sentimita 1.5 juu ya jiwe ni nyuzi 20 hivi, ukiinuka 1.2 ni 15.

Ila nisikudanganye. Nyuzi 18 au 22, kitunguu hakijui. Kinachojulikana ni kama mkono wako unacheza, mara 15 mara 25, kwa sababu hapo makali yanakuwa mviringo hata ukinoa mpaka adhana ya magharibi. Bana viwiko karibu na mbavu, yumba kwa mwili mzima badala ya kifundo cha mkono, na weka kitambaa chenye maji chini ya jiwe lisitembee.

Nikandamize kiasi gani?

Mwanzoni, unapotafuta uzi, kama unavyokandamiza unga wa chapati unaoanza kushikana. Ukishaupata punguza. Mapigo ya mwisho kwenye jiwe yawe ya uzito wa kisu peke yake, upande huu mara moja, upande ule mara moja, mpaka kidole kisisikie kitu upande wowote. Mapigo haya mepesi ndiyo yanayoung'oa uzi. Watu wanayaruka, wanakimbilia ngozi.

Je, ni lazima nimalizie kwenye ngozi?

Si lazima. Kisu kilichotoka vizuri kwenye jiwe la 1000 kinakata nyanya, kinapasua samaki, kinamaliza mchicha. Kwa nyama na ngozi ya nyanya, mikwaruzo midogo ya jiwe hata inasaidia, inang'ata kama meno.

Lakini ngozi ina kazi mbili. Ya kwanza, inaondoa mabaki ya uzi ambayo kidole hakiyasikii tena. Uzi ukibaki, kisu kinakuwa kikali ajabu siku ya kwanza, na kesho yake kimekufa, kwa sababu kilichokuwa kinakata ni uzi nao umekatika au umelala. Ukisikia mtu analalamika "kisu changu hakikai makali", muulize kwanza kuhusu uzi kabla hajalaumu chuma. Kazi ya pili, ngozi inalainisha makali kwa kazi za taratibu: kukata vitunguu vya kachumbari vyembamba mpaka uone kibao upande wa pili, au kuchana minofu ya samaki changu bila kuirarua.

Namna ya kupiga: laza kisu kwa nyuzi zilezile za jiweni, au pungufu kidogo, kisha uvute mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukisukuma makali mbele utaikata ngozi, na utajifunza siku hiyohiyo. Ukifika mwisho, simamisha kisu palepale ndipo ukiinue. Wengi wanakizungusha kikiwa bado kwenye ngozi, kama vinyozi wa zamani walivyozungusha wembe, lakini wale walizungushia mgongo, na mikono yao ilikuwa na miaka. Mapigo kumi mpaka ishirini kila upande yanatosha.

Kisu kilikuwa kikali jiweni, nimekipiga ngozi kimekuwa butu. Kwa nini?

Umekandamiza. Ngozi si jiwe, inabonyea, na inapobonyea inapanda na kuuzunguka ukingo, inauviringisha. Yalinikuta mimi. Miezi kadhaa nilikuwa napiga ngozi kama napiga pasi suruali ya shule, nikiamini nguvu ndiyo makali. Mama mmoja anayekaanga mihogo na kuuza kachumbari jirani na kwetu alinirudishia kisu mara tatu. Mara ya tatu hakugomba. Alichukua nyanya kwenye beseni lake, akaiweka kibaoni, akalaza kisu juu yake na kukivuta. Kikateleza. Ngozi ya nyanya haikuwa na hata mkwaruzo. Akasema, "Mwanangu, kisu nilikuletea kikiwa bora kuliko hivi," akaila nyanya nzima mbele yangu, kwa meno.

Rudi kwenye jiwe, mapigo machache mepesi, halafu ngozi bila kukandamiza kabisa.

Ngozi nipate wapi?

Kwa fundi viatu. Muombe kipande cha ngozi ya ng'ombe chenye upana wa vidole vinne na urefu wa kiganja na nusu, ukigandishe kwa gundi kwenye ubao ulionyooka. Mkanda wa mtumba unafaa pia kama ni wa ngozi kweli. Tazama ubavu wake: ngozi ina nyuzinyuzi, plastiki ina matabaka yaliyobandikwa. Upande wa ndani wenye nyuzinyuzi unashika dawa vizuri, upande laini ni wa kumalizia.

Huna ngozi? Kipande cha jinzi kuukuu kilichovutwa juu ya ubao kinafanya kazi. Hata gazeti, kurasa kadhaa juu ya jiwe lako la kunolea, linaondoa mabaki ya uzi. Na kama unajiuliza kuhusu mkonge wetu, viwandani kuna magurudumu ya nyuzi za mkonge ya kung'arishia vyuma, ila hayo yanazungushwa kwa mashine. Kipande cha gunia mkononi ni kibaya mno kwa makali ya kisu.

Ile dawa ya kijani ni nini, na ni lazima?

Mara nyingi ni oksidi ya kromu, chembe za takriban nusu ya maikroni, iliyochanganywa na nta. Inapakwa kwenye ngozi kama chaki ubaoni, kidogo tu, usitandike kama siagi. Bila dawa ngozi inanyoosha na kusafisha. Ikiwa na dawa inakula chuma pia, polepole. Futa kisu na kukiosha kwa sabuni kabla hakijagusa chakula.

Kunoa kwenye ngazi ya saruji au kitako cha bakuli kunafaa?

Pale Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, utaona waparaji samaki wanapitisha kisu kwenye ukingo wa saruji mara mbili tatu na kuendelea. Wanajua wanachofanya: kazi yao ni magamba na mifupa, kisu ni cha bei ndogo, na foleni inasubiri. Kwa kisu unachokipenda, saruji ina mchanga wa kila ukubwa, utapata makali yenye mapengo.

Kitako cha bakuli au kikombe cha udongo, ule mviringo usiopakwa rangi, ni afadhali zaidi. Ni kauri tupu na chembe zake ni ndogo. Ukiwa ugenini na kisu hakikati, geuza kikombe.

Na jiwe kutoka Amboni, au tumbawe la pwani?

Hapana. Mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa, na tumbawe ni chokaa vilevile. Chokaa ni laini kuliko chuma cha kisu. Utakachofanya ni kulinoa jiwe kwa kisu.

Wale mafundi wa cherehe, lile jiwe la kunolea linalozungushwa, wanaharibu visu?

Cherehe ya baiskeli inayokanyagwa kwa mguu inazunguka taratibu, na kwa panga au jembe ni kazi nzuri. Shida ni moto, na shida kubwa zaidi ni mota. Ukingo wa kisu ni mwembamba, unapata joto kwa sekunde. Chuma cha kisu kikifika nyuzi 220 hivi za Selsiasi kinaanza rangi ya majani makavu, na karibu na 300 kinageuka buluu. Palipokuwa buluu pameshalainika, na hata ukinoa vipi hapakai makali.

Kisu cha marehemu baba, cha kupasulia nguru, nilikipeleka mwenyewe kwa fundi mmoja mwenye mashine ya umeme, wakati huo sijui hili wala lile. Kilirudi kikimeta, nchani kina doa la buluu kama ukucha uliobanwa na mlango. Sehemu ile ilikuwa butu kila wiki kwa miaka. Nimeendelea kuila kwa jiwe, taratibu, na sasa kisu ni kifupi kwa upana wa kidole.

Ukienda kwa fundi, simama hapo. Kuwe na chombo cha maji, na kisu kitiwe ndani kila baada ya pigo au mawili.

Kile chuma kirefu cha mviringo cha buchani ni badala ya jiwe?

Hapana. Kinanyoosha makali yaliyolala, hakileti mapya. Kisu kikishakuwa butu kweli, chuma kile kinakupigia kelele tu.

Kisu changu kinashika kutu kila nikiamka. Nifanyeje?

Upepo wetu una chumvi. Kisu cha stenlesi kitavumilia, ila kile kilichofuliwa na mhunzi kutoka kwenye springi ya gari, ambacho mimi nakipenda zaidi kwa sababu kinanoleka upesi, kitaanza madoa kabla ya chai ya asubuhi. Kifute mara tu unapomaliza, hasa baada ya ndimu, ukwaju au embe bichi. Kikauke kabisa, kisha pitisha kitambaa chenye tone la mafuta ya nazi. Doa la kijivu au jeusi lisikutishe, hilo linakilinda. La rangi ya machungwa lisugue.

Kisu cha mkate, chenye meno?

Si kazi ya jiwe bapa. Kiache.

Wiki ya Idi ya kuchinja mnanoa vipi?

Foleni inaanza siku nne kabla, na kila mtu anasema chake ni cha haraka. Mafundisho yanajulikana: kisu kiwe kikali, mnyama asiteseke, na kisinolewe mbele yake. Kwa hiyo kilete mapema, usinipelekee mbuzi barazani. Nakinoa kwa nyuzi 20, jiwe la 1000, na ninakuwa mkali zaidi kuhusu uzi kuliko siku yoyote, kwa sababu uzi ukilala katikati ya kuchinja hakuna nafasi ya kurudi jiweni. Ngozi mapigo machache tu. Hakihitaji kung'aa kama kioo.

Jiwe langu limebonyea katikati. Linafaa bado?

Linafaa likinyooshwa. Jiwe lenye bonde haliwezi kutunza nyuzi zako hata mkono uwe wa chuma. Chora mistari ya penseli juu yake kama mkeka, weka msasa wa maji juu ya kioo kinene au kigae bapa, lowanisha, usugue jiwe mpaka penseli ifutike yote. Fanya hivyo kila unaponoa visu vitano sita, ni dakika mbili. Ukisubiri mwaka ni mchana mzima.

Mume wangu amevunjia nazi kwa kisu changu, kimemeguka. Kimekufa?

Hakijafa. Kwanza mpe panga, mwambie nazi inagongwa kwa mgongo wa panga.

Kisha chukua jiwe la 220 au upande mbaya wa lile la kijivu. Simamisha kisu karibu wima, makali chini, usugue kwa urefu mpaka pengo lipotee. Ndiyo, unakifanya butu kabisa kwa makusudi, na moyo utauma. Pengo la milimita moja linaweza kukuchukua nusu saa au zaidi. Likiisha utaona ukingo mpana unaometa kuanzia shinani mpaka nchani. Laza kisu kwenye nyuzi 20, jiwe lilelile, uyasugue mashavu mpaka mmeto ule ubaki mwembamba kama unywele. Hapo hamia 1000 na utafute uzi, upande mmoja kwanza.